"Ni lini" imetuponza: niliyoongea na watu wa Mwanga, Kigoma, kabla ya Bunge la bajeti

Mwakeye! Wazee wangu shikamooni. Mama zangu wa Kibirizi na Katonga nawaona, asanteni kwa kuja, najua mmeacha dagaa juani na mawingu ya leo hayaeleweki kwa hiyo sitawaweka sana. Vijana wa bodaboda hapo mlangoni sogezeni pikipiki kidogo, kuna mzee ana gongo anataka kupita.

Sa, nimeombwa niongelee maswali ambayo wabunge wanawauliza mawaziri kule Dodoma. Mi sio mwanasiasa, na sigombei chochote, msianze kuangaliana. Nimeombwa kwa sababu niliwahi kukaa ofisi ya jimbo miaka kadhaa, nikiwa ndo yule mtu anayepokea makaratasi. Jimbo gani na mbunge yupi siwaambii, kuna watu humu wanajua, wanyamaze tu. Kazi yangu ilikuwa mtu anatoka kijijini na barua yake, nyingine imeandikwa nyuma ya kalenda ya mwaka juzi, nyingine ina mhuri wa mtendaji kabisa, naisoma, namuuliza mawili matatu, naweka kwenye faili. Na karibu barua zote, yaani ungedhani zimeandikwa na mtu mmoja, zilikuwa na maneno yale yale, tunaomba Mheshimiwa atuulizie ni lini. Ni lini barabara, ni lini maji, ni lini umeme, ni lini daktari. Mheshimiwa anabeba faili anapanda gari anaenda Dodoma, anasimama, "Je, ni lini Serikali itajenga", afu jibu linakuja na sisi huku tunakaa vijiweni tunasema majibu ya Serikali hayana kichwa wala miguu.

Mi nimekuja kuwaambia kitu ambacho labda hamtakipenda. Jibu bovu mara nyingi tunalitengeneza wenyewe kwa swali tunaloandika. Neno "lini" ndo limetuponza. Ukimuuliza mtu lini, umempa ruhusa ya kukujibu "kadri fedha zitakapopatikana", na hilo jibu huwezi kulipinga, maana fedha kweli zitapatikana kadri zitakapopatikana. Mnacheka, lakini ndo hivo.

Ngoja niwaeleze swali linavyotembea maana wengi wanadhani Mbunge anasimama tu anauliza. Katiba yetu ibara ya 63, ibara ndogo ya tatu, inasema Bunge linaweza kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma ambayo yako katika wajibu wake. Shikeni hayo maneno ya mwisho, katika wajibu wake, ntarudi hapo maana ndo tunapopigwa chenga. Swali la msingi linaandikwa, linaenda kwa Katibu wa Bunge mapema, linapelekwa wizarani. Sasa wizarani Waziri hakai mezani kuandika majibu ya kisima cha kijiji chako, hakijui, hajawahi kukiona. Swali linashuka. Wizara inaandika chini, mkoa unauliza wilaya, wilaya inamuuliza mhusika, mhusika anaandika maelezo, maelezo yanapanda ngazi zile zile mpaka asubuhi moja Naibu Waziri anasimama, "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo". Mmeelewa hapo? Yule yule ambaye kazi yake haijaenda vizuri ndo anayeandika rasimu ya jibu kuhusu kazi yake.

Nawapa kisa. Kuna kijiji kimoja, sikitaji, walileta barua ni lini tutapata maji ya kisima. Mheshimiwa akauliza hivo hivo. Siku ya jibu nilikuwa ofisini nimewasha redio, na mwenyekiti wa kijiji hicho hicho alikuwa amekuja kwa shida nyingine kabisa, mambo ya mpaka wa shamba, amekaa kwenye benchi anasubiri. Redio inasema kisima kimechimbwa, pampu imefungwa, wananchi wanapata huduma ya maji safi na salama. Mwenyekiti akanitazama. Kimya. Akasimama akachukua kofia yake akasema, "Bwana karani, basi ngoja niwahi nyumbani nikaoge."

Na utamu wa hicho kisa ni kwamba jibu halikuwa la uongo! Kisima kilichimbwa kweli. Pampu ilifungwa kweli. Ilipiga kazi kama wiki tatu ikafa. Aliyeandika maelezo aliulizwa lini, na lini ilikuwa imeshapita, akajibu. Kosa lilikuwa letu, na mojawapo lilikuwa langu mimi niliyepokea ile barua bila kumuuliza aliyeileta maswali ya kutosha. Tungeandika hivi: pampu ya kisima fulani imekufa tangu mwezi fulani, je, mkandarasi bado yuko kwenye kipindi cha matazamio, yaani ubovu bado ni juu yake, au kimeshaisha, nani anapaswa kuitengeneza, na kuitengeneza ni shilingi ngapi. Hapo mtu wa wilayani hana pa kujificha, maana lazima afungue faili, na akifungua faili atakuta jina.

Kingine, maswali ya nyongeza. Swali la msingi wizara inalijua, imeshaandaa jibu limepigwa chapa. Lakini baada ya jibu mwenye swali anapewa maswali mawili ya nyongeza na hayo Waziri hayajui, inabidi ajibu kwa kichwa chake, wataalamu wake wamekaa pembeni huko wanamwandikia vikaratasi. Hapo ndo penye nyama. Sasa sikilizeni wengi wanavyoitafuna hiyo nyama. Anasimama, "Mheshimiwa Spika, nashukuru kwa majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza". Umeshayaita majibu mazuri, umeshayaita maswali yako madogo, sa unataka nini tena? La kwanza anarudia lile la msingi. La pili, "je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami baada ya mkutano huu wa Bunge akajionee mwenyewe?" Naibu Waziri anasimama, niko tayari. Meza zinapigwa. Jamani, ulitegemea aseme hayuko tayari? Hilo sio swali, hiyo ni kumwomba mtu lifti. Mbunge yeyote anaweza kumwalika Naibu Waziri kwa simu wakiwa kantini wanakunywa chai, kwa nini achome nafasi moja kati ya mbili?

Nyongeza nzuri inatoka kwenye jibu lenyewe. Amesema upembuzi yakinifu umekamilika? Muulize ripoti ilikabidhiwa tarehe ngapi na inasema kilomita moja ni bei gani. Amesema mkandarasi yuko saiti? Muulize ameshawasilisha hati ngapi za malipo na zimelipwa ngapi. Nitaifafanua hiyo kidogo maana inatuhusu sana sisi tunaosafiri kwenda Tabora. Mnaijua ile barabara, imejengwa vipande vipande kama kanga iliyoungwa, Uvinza mpaka Malagarasi kilomita 51.1, kule upande mwingine Kazilambwa mpaka Chagu kilomita 36, na kila kipande kina mkataba wake. Watu wakiona mitambo imesimama wanasema mkandarasi mvivu. Wakati mwingine ni mvivu kweli. Lakini mara nyingi barabarani kwenye nchi hii mitambo inasimama kwa sababu mkandarasi amefanya kazi, akaandika hati ya kudai, hati imekaa mezani Dodoma au Dar bila kulipwa, na ikikaa sana inazaa riba, na hiyo riba tunailipa sisi, hata Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amekuwa akizisema riba za ucheleweshaji kwenye ripoti zake. Kwa hiyo ukiuliza "ni lini barabara itakamilika" utapewa mwezi na mwaka, mwezi utafika, utapita. Ukiuliza hati ngapi zimewasilishwa, ngapi hazijalipwa, na riba imefika kiasi gani, umemfanya Waziri aseme namba mbele ya nchi nzima, na mtu wa Hazina naye anasikia.

Mzee wangu hapo mbele naona unatikisa kichwa, najua unataka kusema umeme. Haya tuseme umeme. Wote humu mliozidi miaka thelathini mnakumbuka majenereta, mji mzima unasikia kama meli imetia nanga mlimani, afu mafuta yakichelewa tunakaa giza. Na muda wote huo mto Malagarasi unapita unaporomoka pale Igamba bila kazi. Tumeuliza lini Malagarasi mpaka sauti zikakauka. Sasa angalieni kilichokuwa nyuma yake. Mwaka 2008 nchi ilisaini mkataba mkubwa wa msaada na Marekani kupitia lile shirika lao la MCC, na umeme wa Igamba ulikuwemo mle ndani. Baadaye ukatolewa. Ulitolewa kwa sababu ya mazingira, wataalamu walisema mtoni mle kuna viumbe adimu ambao mradi ungeweza kuwamaliza, na sisi tukaja kupewa umeme wa jua kwenye baadhi ya maeneo. Mradi wenyewe ukaja kurudi kwa sura nyingine kabisa, megawati 49.5, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Fikirieni mtu aliyekuwa anauliza hiyo miaka ni lini Malagarasi itazalisha umeme. Anajibiwa mchakato unaendelea. Na mchakato ni kweli unaendelea, mchakato siku zote unaendelea, mi sijawahi kusikia mchakato umesimama. Angeuliza kimekwama wapi, kwa sababu ipi, na nani amekikwamisha, lazima wangetaja mazingira, na sisi tungejua tunabishana na nini. Pengine tungesema sawa, hao viumbe walindwe, tupewe njia nyingine ya haraka. Pengine tungekataa. Lakini tungekuwa tunabishana na kitu chenye jina, sio mchakato.

Na Liemba jamani, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiopoa 1924, ikarudi kubeba watu 1927. Miaka mitatu, meli imetoka chini ya ziwa! Safari hii, mikononi mwetu, ilisimama ikiwa inaelea. Sisemi wanaoikarabati hawana akili, meli ya 1913 sio baiskeli, nasema tu kwamba kuhusu Liemba nako tuliuliza lini, lini, lini.

Nilisema ntarudi kwenye "wajibu wake". Hii ni kama kwenda hospitali ukapanga foleni ya meno wakati unaumwa tumbo. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, iko Wizara ya Ujenzi, lakini barabara ya mtaani kwako hapo Gungu au ya kutoka kijijini kwenda gulioni ni TARURA, hiyo iko TAMISEMI, ile ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa. Kivuko cha Ilagala, wenye vivuko ni TEMESA, kule Ujenzi. Hospitali ya Maweni iko Wizara ya Afya moja kwa moja, ila zahanati na kituo cha afya ni TAMISEMI, na wanaokosea hapo ni wengi mno, wanamuuliza Waziri wa Afya habari ya nesi wa zahanati, anajibiwa kwa adabu kwamba suala hilo tutawasiliana na wenzetu, basi imeisha, umesubiri miezi kupata nafasi ya swali na umeambiwa tutawasiliana na wenzetu. Maji ya kijijini RUWASA. Meli ni Uchukuzi. Dagaa ni Mifugo na Uvuvi. Ukileta karatasi iandike juu kabisa hii inaenda wizara gani, na kama hujui uliza, hakuna aibu, hata mi mwanzoni nilikuwa nachanganya.

Sasa kuna Alhamisi. Alhamisi ni maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu, nusu saa, hayaandikwi kabla, na yanatakiwa yawe ya kisera. Ukisimama Alhamisi na pampu ya kisima Spika anakukalisha, anakwambia nenda wizarani. Na nakubaliana na Spika hapo. Sera ni ile kanuni kubwa inayozalisha hizi shida ndogo ndogo. Mfano wake kwa sisi ni michikichi. Mwaka 2018 Waziri Mkuu Majaliwa alikuja hapa akaisimamia michikichi kwa nguvu kweli, pale Kihinga kwenye utafiti wakapewa kazi ya kuzalisha mbegu ya Tenera ambayo inatoa mafuta mengi kuliko ile Dura ya babu zetu. Watu wameng'oa mizee wamepanda mipya. Mchikichi unakaa kama miaka mitatu au minne ndo uanze kukupa kitu cha maana. Lakini ushuru wa mafuta ya kula yanayoingia kutoka nje unaangaliwa kila mwaka kwenye bajeti ya Juni, mwaka huu upande, mwaka ujao ushuke kwa sababu mjini mafuta yamepanda bei watu wanalalamika. Na wana haki ya kulalamika, sikatai. Ila mkulima wa Simbo amepanda mti wa miaka minne akiamini bei itakuwa ya maana, na bei yake inaamuliwa kila mwezi wa sita na watu ambao hawajawahi kukanyaga mise, hizi mbegu za mchikichi. Swali la Alhamisi ndo hilo: Serikali iliyotuambia tupande, je, ina sera ya kutuhakikishia ushuru kwa muda ambao mti unachukua kukua, na kama haina, mkulima aliyeitikia wito anabeba hasara peke yake? Hilo halina lini ndani yake. Waziri Mkuu hawezi kulijibu kwa kusema upembuzi yakinifu.

Kijana hapo unasema wabunge wanaogopa. Wengine wanaogopa, ndio. Lakini usiniambie watu wa Kigoma hawajui kuuliza, hilo nakataa kabisa. Mwaka 2007 Zitto Kabwe akiwa Kigoma Kaskazini alisimama na hoja ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi, akitaka kujua kwa nini Waziri amesaini akiwa London. Alisimamishwa Bunge kwa miezi. Lakini kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati ya Jaji Bomani kuangalia mambo ya madini, na Zitto mwenyewe akawekwa humo, na 2010 tukapata Sheria mpya ya Madini. Mwaka 2014 Kafulila wa Kigoma Kusini akakomaa na hela za akaunti ya Tegeta Escrow, zile zilizowekwa kando TANESCO na IPTL wakibishania malipo ya umeme, akatukanwa sana, mpaka Mkaguzi Mkuu akapewa kazi, Kamati ya Hesabu ikaleta taarifa bungeni Novemba, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu Desemba na Waziri wa Nishati akaondoka Januari iliyofuata. Mnaweza kuwapenda au kuwachukia hao mabwana, siasa zao wamezunguka nazo sana na mi sina mtu hapo. Ninachotaka muone ni swali lenyewe. Hakuna aliyeuliza ni lini. Mmoja aliuliza umesaini wapi na kwa nini. Mwingine aliuliza hizi hela zilikuwa za nani. Mtu amesaini, hela zimetoka, akaunti ina namba, tarehe ipo. Swali la namna hiyo hata ukilikalia linakuchoma.

Mama ameuliza na sisi tusio na mkataba wa dhahabu tunaulizaje. Haya tuje ziwani.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa watu wasivue, 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu. Sababu mnaijua, samaki wamepungua na ziwa ni la nchi nne, sisi, Congo, Burundi na Zambia, kwa hiyo ukipumzisha peke yako umewapumzishia wenzako. Mi sipingi kufunga. Bibi yangu alikuwa anasema mgebuka wa zamani ulikuwa mkubwa mpaka mkia unatoka nje ya sufuria, saivi unanunua mgebuka unadhani ni dagaa aliyenenepa. Ila kwenye ule mjadala wote nilisikia wavuvi, wavuvi, wavuvi, wenye mitumbwi, wenye nyavu, wapewe vizimba vya kufugia samaki, wapewe mikopo. Sawa kabisa. Lakini mtu anayenunua beseni alfajiri pale mwaloni, anaanika, anageuza, anapakia kwenye magunia yanaenda Dar na Lubumbashi, huyo hana mtumbwi, hana leseni ya uvuvi, na kwenye orodha ya watu walioathirika mara nyingi hayumo kwa sababu orodha imeandaliwa kwa mitumbwi. Na huyo ndo ninyi mliokaa hapo upande wa kushoto.

Barua ya kizamani ingesema tunaomba Mheshimiwa atuulizie ni lini Serikali itawasaidia kina mama wachakataji. Jibu nawapa sasa hivi bure: Serikali inatambua mchango wa kina mama katika mnyororo wa thamani na itaendelea kuwahamasisha kujiunga kwenye vikundi ili wanufaike na mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri. Kweli si kweli? Mnalijua hata kabla halijaandikwa.

Sasa tufanye hivi. Moja, ziwa lilipofungwa, wachakataji na wafanyabiashara wa dagaa wasio na mitumbwi walihesabiwa ni wangapi katika mialo ya Kigoma, na hesabu hiyo ilifanywa na nani. Ukiona jibu linazunguka ujue hawakuhesabiwa, na hilo tayari ni jibu. Pili, TAFIRI, wale watafiti wa uvuvi wa Serikali, ambao wako hapa hapa Kigoma, walipima samaki kabla ya kufunga na baada ya kufungua, je, wamepata nini kwa dagaa na wamepata nini kwa migebuka, maana wana tabia tofauti na wasijumlishwe. Hilo la pili nalipenda sana kwa sababu kama samaki wameongezeka mtaniona wa kwanza kusema lifungwe tena, na kama hawajaongezeka basi mtu atuambie tulilala njaa miezi mitatu kwa faida ya nani. Nyongeza Mheshimiwa atajitafutia mwenyewe kwenye jibu, ila tumwandalie mbili za akiba.

Kaka wa nyuma kabisa, nakuja. Amesema na likijibiwa afu lisitekelezwe? Kila neno linalosemwa mle linaandikwa, inaitwa Taarifa Rasmi, wenyewe wanasema Hansadi, iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Kila swali lina namba. Andika namba ya swali, tarehe, na wizara. Waziri atabadilishwa, hilo halikwepeki, saa nyingine unalala Waziri ni huyu unaamka ni yule, lakini aliyejibu ni Serikali. Nilikuwa na daftari langu pale ofisini, nimeligawa mistari, ahadi ipi, namba ngapi, imefika wapi. Mheshimiwa akienda kwenye bajeti anaenda na lile daftari. Na bajeti ndo kuna ile ya kushika shilingi, Mbunge asiporidhika na maelezo anasema naondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri mpaka anieleze. Sio kwamba Waziri atalala njaa, ni shilingi moja, na wengi huwa wanaiachia baada ya maneno mawili matamu. Lakini ukishika shilingi ukiwa na namba ya swali la mwaka jana na jibu lake unalisoma neno kwa neno, ukumbi unakuwa kimya tofauti. Nimewahi kuona. Waziri alinyanyuka akakaa akanyanyuka tena.

Na sio lazima usubiri Mbunge kwa kila kitu. Tangu 2016 kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, unaandika barua mwenyewe halmashauri unaomba mkataba wa kisima au orodha ya waliopewa mikopo, wana siku 30 za kukujibu. Na baraza la madiwani nalo lina maswali yake, Mbunge ni mjumbe pale, diwani wako yuko pale, maswali ya TARURA na zahanati mengi yangeishia hapo hapo mjini bila kusafiri mpaka Dodoma. Hilo tutaliongea siku nyingine maana lina vita vyake.

Bunge la bajeti linaanza Aprili, wizara zinaingia moja moja mpaka Juni, kwa hiyo karatasi zenu zinatakiwa zifike ofisi ya jimbo mapema, sio Juni tarehe ishirini mtu anakuja anakimbia. Yule dada mwenye kitenge cha bluu ana daftari na kalamu, anaandika. Ukienda kwake mwambie kwanza jina la mahali, kitu kilichoharibika, tangu tarehe ngapi, na kama una picha kwenye simu mwonyeshe. Ukianza na "ni lini" nimemwambia asikuandike, akurudishe mwisho wa foleni. Mama zangu wa dagaa ndo mtangulie, mawingu hayo.